Viwango Visivyofungamana na Muuzaji katika Programu Unganishi: Funzo la Njia ya Shaba ya Likasi

1. Utangulizi

Shehena ya shaba inayotoka Likasi kwenda bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 2,000. Hupita Lubumbashi, huvuka mpaka Kasumbalesa, hukata nchi ya Zambia hadi Nakonde, huingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma, kisha huteremka hadi pwani. Katika safari hiyo yote shaba yenyewe haibadiliki: bamba lililopakiwa Likasi ndilo lipakuliwalo bandarini. Zinazopata taabu njiani ni taarifa zake. Mchimbaji, msafirishaji, forodha za nchi tatu, benki na bandari, kila mmoja ana mfumo wake wa kompyuta, na kila mfumo una namna yake ya kuandika jina la mpelekaji, uzito, thamani na namba ya gari. Pale ambapo mifumo hiyo haisikilizani, karani hulazimika kuchapa upya kutoka karatasini yale ambayo karani mwenziwe alikwisha kuyachapa upande wa pili wa mpaka, na kila kuchapa upya ni nafasi mpya ya kukosea.

Makala haya yanakusudia kueleza kiungo kinachowekwa baina ya mifumo ya namna hiyo, na kutetea hoja moja, nayo ni kwamba kiungo hicho kisiwe mali ya yeyote miongoni mwa wanaouza mifumo inayounganishwa. Tutaanza kwa kufafanua dhana, kisha tutatazama historia ya reli iliyopita Likasi, hali ya forodha na ya pesa za simu, na mwisho hali ya Kiswahili chenyewe katika Katanga. Msomaji wa jarida la Kiswahili asishangae kukuta mada hii hapa. Usanifishaji ni jambo ambalo wanafunzi wa lugha hii wamelijadili kwa takriban karne nzima, na mengi waliyojifunza yanawahusu mafundi wa kompyuta pia.

2. Ufafanuzi wa dhana

2.1 Usanifu unaoegemea huduma. Zamani taasisi ilijengewa programu moja kubwa iliyofanya kila kazi. Katika usanifu unaoegemea huduma, kazi hugawanywa katika huduma mbalimbali, na kila huduma huwa na mlango wake unaojulikana, ambao kitaalamu huitwa kiolesura. Tuchukue mfano wa chuo kikuu. Kuna huduma ya usajili, ya ada na ya mitihani. Huduma ya mitihani ikitaka kujua kama mwanafunzi fulani amelipa, haivunji kabati la mhasibu. Hubisha hodi mlangoni, huuliza, na hujibiwa. Mhasibu akibadilisha mpangilio wa kabati lake, hakuna anayeathirika maadamu mlango umebaki uleule.

2.2 Programu unganishi. Hii ni ile inayokaa katikati ya huduma hizo. Hupokea ombi, hulipeleka linakotakiwa, hulitafsiri iwapo pande mbili zinaandika kwa namna tofauti, na hulihifadhi iwapo upande wa pili umezimika. Ni tarishi na mkalimani kwa pamoja. Kwa sababu kila mazungumzo hupitia kwake, anayemmiliki tarishi huyo ana nguvu kuliko inavyodhaniwa siku ya kusaini mkataba.

2.3 Kutofungamana. Neno hili tumelipokea kutoka uwanja wa siasa, na linafaa sana hapa. Nchi isiyofungamana na upande wowote haikuwa nchi isiyo na marafiki. Ilikuwa ni ile iliyobaki na hiari ya kuchagua. Vivyo hivyo, kiwango kisichofungamana na muuzaji hakimkatazi mtu kununua kwa muuzaji amtakaye. Humbakizia uwezo wa kumwacha.

Inafaa pia kutaja kwamba Kiswahili kimeviweka viwango na usanifu katika shina moja la maneno. Tunasema usanifu wa majengo na Kiswahili sanifu, kana kwamba lugha yenyewe ilitambua kuwa kujenga na kukubaliana juu ya vipimo ni kazi zisizotenganika.

3. Funzo la reli

Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, mwaka 1910, ikitokea kusini. Upana baina ya pau zake mbili ulikuwa milimita 1,067, kipimo kilichokuwa kikitumika kusini mwa Afrika. Njia ikaendelezwa kupitia Likasi, mji ambao baadaye uliitwa Jadotville hadi ulipolirudia jina lake mwaka 1966, na ikafika Bukama mwaka 1918. Upande wa mashariki kampuni nyingine ilijenga njia yake kutoka Kabalo, ukingoni mwa mto Lualaba, hadi Ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa leo Kalemie. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1915, na upana wake ulikuwa milimita 1,000.

Tofauti ilikuwa milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Kwa muda wa miaka 40 hivi haikumsumbua mtu, kwa kuwa njia hizo mbili hazikukutana. Ilipoamuliwa kujenga njia ya kuziunganisha, kutoka Kamina hadi Kabalo, ndipo milimita 67 zilipogeuka kuwa gharama: katikati ya miaka ya 1950 njia ya Kabalo hadi Kalemie ilibidi ipanuliwe ili ilingane na ile ya Katanga.

Nchini Tanzania tatizo hilohilo lilipata dawa ya namna nyingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 ili kuifungulia shaba ya Zambia njia ya baharini, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati iliyokuwapo tangu enzi za Wajerumani ina milimita 1,000. Njia hizo zinakaribiana Kidatu, na hapo mwaka 1998 pakawekwa kituo cha kuhamishia makontena kutoka treni hii kwenda ile. Kidatu ni programu unganishi ya chuma na saruji. Inafanya kazi, lakini kila kontena hulipia muda na winchi kwa sababu ya tofauti ambayo haina faida kwa yeyote.

Historia hii ina mafunzo matatu. Kwanza, tofauti ya vipimo haionekani siku ya kujenga. Huonekana siku ya kukutana. Pili, anayeilipia kwa kawaida siye aliyeisababisha. Tatu, na hili ndilo husahauliwa zaidi, kiwango cha reli hakikudai treni zote zifanane. Injini ingeweza kutoka Ubelgiji, Afrika Kusini au Uchina. Makubaliano yalihusu mahali gurudumu linapokutana na pau, basi. Kiwango kizuri hukaa kwenye kiungo, na huiacha kila karakana ifanye ya ndani kama ionavyo.

4. Forodha na pesa za simu

Tuirudie sasa shehena yetu. Forodha ya Kongo na ile ya Zambia hutumia mfumo wa ASYCUDA, ambao wasemao Kifaransa huuita SYDONIA, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD lenye makao yake Geneva. Tanzania nayo iliwahi kutumia toleo la awali la mfumo huohuo, kisha mwaka 2014 ikahamia TANCIS, mfumo uliojengwa kwa ushirikiano na Jamhuri ya Korea. Kila nchi ina haki ya kuchagua. Swali ni je, nchi jirani ibadilishe mfumo wake kila jirani anapobadilisha wa kwake?

Jibu ni hapana, iwapo wanachopeana mpakani kimeandikwa kwa kiwango kisicho cha mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Bahati njema msingi wa kiwango hicho upo. Tangu tarehe 1 Januari 1988 dunia inatumia Mfumo Uliowianishwa wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Humo bamba la shaba iliyosafishwa lina namba 7403.11. Karani wa Likasi anayefanya kazi kwa Kifaransa na karani wa Tunduma anayefanya kazi kwa Kiingereza na Kiswahili wanaielewa namba hiyo kwa namna moja, na hakuna kampuni ya kompyuta inayoweza kuwatoza kwa kuitumia. Juu ya msingi huo kuna viwango vya kupanga ujumbe mzima, kama vile UN/EDIFACT ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 1987, na Modeli ya Data ya Shirika la Forodha Duniani.

Faida yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Mifumo minne ikiunganishwa miwili miwili, viungo vinavyohitajika ni 6. Mifumo 10 huhitaji viungo 45, na kila kimoja kina fundi wake, mkataba wake na siku yake ya kuharibika. Mifumo hiyohiyo 10 ikikubaliana juu ya kiungo kimoja cha pamoja, viungo huwa 10 tu, na atakayekuja wa kumi na moja ataongeza kimoja.

Jambo hili lilidhihirika Tanzania katika pesa za simu. Mwanzoni mteja wa mtandao mmoja hakuweza kumtumia mteja wa mtandao mwingine moja kwa moja katika akaunti yake ya simu. Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel ziliunganisha huduma zao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Yalikuwa mapatano ya kampuni kwa kampuni. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga TIPS, mfumo wa pamoja wa malipo ya papo hapo, ambamo benki na mitandao ya simu hukutana penye kanuni zilizowekwa na msimamizi asiyeuza huduma ya simu. Kwa upande wa ofisi za umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao ya nchi hiyo imejenga GovESB, programu unganishi ambayo kwayo taasisi za serikali hubadilishana taarifa. Katika mifano yote miwili taasisi ya umma ndiyo iliyoshika kiungo, na wauzaji wakabaki na ushindani katika ubora wa huduma zao.

5. Ngazi tatu za kiwango

Wanunuzi wengi hudanganyika wanapoambiwa kuwa bidhaa fulani inafuata viwango. Hapana budi kuuliza: viwango vya ngazi ipi?

Ngazi ya kwanza ni ya uso, yaani namna mwandishi wa programu anavyoiamuru programu unganishi. Mfano wake ni JMS, kiwango kilichotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1998 kwa ajili ya kutuma ujumbe. Programu iliyoandikwa kwa JMS ingeweza kuhamishwa kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine bila kuandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Lakini JMS haikusema chochote juu ya umbo la ujumbe unapokuwa safarini. Matokeo yake, programu unganishi mbili za wauzaji tofauti, zote zikifuata JMS kikamilifu, hazikuweza kupelekeana barua moja kwa moja. Ni kama posta mbili zenye madirisha yanayofanana kabisa, huku kila moja ikikataa bahasha za mwenziwe.

Ngazi ya pili ni ya waya, yaani itifaki. Hapa mfano ni AMQP. Kazi hiyo ilianza mwaka 2003 ndani ya benki ya JPMorgan, kwa mnunuzi na siyo muuzaji. Ikakabidhiwa kwa jumuiya ya viwango ya OASIS, ikapitishwa mwaka 2012, na mwaka 2014 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19464. Anayefuata kiwango cha ngazi hii huandika bahasha ambayo posta yoyote nyingine yenye kufuata toleo hilohilo huipokea.

Ngazi ya tatu ni ya maana. Bahasha ikifika salama, je, aliyeipokea ataelewa kilichomo? Namba 7403.11 ni kiwango cha ngazi hii. Ngazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haiamuliwi na mafundi peke yao. Huamuliwa na wenye kazi.

6. Viwango navyo huugua

Haitakuwa haki kusifu viwango bila kutaja maradhi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wauzaji wakubwa walitunga kundi zima la viwango kwa ajili ya huduma za mtandao, vikijengwa juu ya SOAP na WSDL. Lakini kila kambi ilivuta upande wake. Kwa jambo moja tu, uhakika wa kufika kwa ujumbe, palitokea viwango viwili vinavyoshindana: WS-Reliability, uliopitishwa na OASIS mwaka 2004, na WS-ReliableMessaging, uliopitishwa na OASIS hiyohiyo mwaka 2007. Orodha ya hadharani ya huduma iliyoitwa UDDI, iliyoanzishwa kwa shangwe mwaka 2000, ilifungwa na kampuni zilizokuwa zikiiendesha mwaka 2006. Nako kwingine kiwango kilikuwa na hiari nyingi mno, hata bidhaa mbili zilizokitimiza hazikuelewana. Ikabidi mwaka 2002 liundwe kundi la WS-I ili kuchagua hiari zipi zitumike.

Maradhi ya pili ni nyongeza. Muuzaji hutimiza kiwango, kisha huongeza vikorombwezo vyake vinavyorahisisha kazi. Mafundi wa mnunuzi huvizoea. Baada ya miaka mitano taasisi hugundua kuwa nusu ya mifumo yake imesimama juu ya vikorombwezo hivyo, na kwamba kumwacha muuzaji kungegharimu kuliko kumlipa. Hakuna aliyevunja mkataba. Mlango ulifungwa kidogo kidogo.

7. Meza ya viwango na viti vyake

Hapa ndipo historia ya Kiswahili inapotufaa. Likasi ilikua kwa wafanyakazi waliotoka pande nyingi: wenyeji Wasanga, Waluba wa kaskazini na wa Kasai, Wabemba, na wengineo. Lugha iliyowakutanisha migodini na makambini ikawa Kiswahili, na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichangia sana kukieneza kwa maslahi yake yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali za kampuni hiyo nchini zilitaifishwa. Kiswahili kilibaki. Kilikuwa kimekwisha kuwa cha watu: sokoni, kanisani, nyumbani. Asili ya kiwango, basi, si jambo kubwa kuliko umiliki wake. AMQP ilizaliwa ndani ya benki moja na Kiswahili cha Katanga kilikuzwa na kampuni moja, lakini vyote viwili vilipata uhai wa kudumu vilipotoka mikononi mwa aliyevikuza.

Kuna upande wa pili wa funzo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Msemaji wa Likasi ambaye husema "batu" pale Kiswahili sanifu kisemapo "watu" hakuwa na kiti katika meza hiyo. Leo mfumo wa kimataifa wa alama za lugha, ISO 639-3, unakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, kando ya swh, na zote mbili huwekwa chini ya swa. Ni suluhisho la busara: linaunganisha bila kufuta.

Mifumo ya kompyuta inahitaji busara hiyohiyo, na jina la mtu latosha kuwa ushahidi. Leo Mkongo huandikwa kwa jina, jina la nyongeza lililotokana na sera ya uhalisi ya mwaka 1972, na jina la ubatizo. Fomu ya Tanzania hudai jina la kwanza, la kati na la mwisho. Kiwango kinachotambua "jina la kwanza" na "jina la ukoo" pekee chaweza kuwa hakifungamani na muuzaji yeyote, na bado kikamgeuza dereva mmoja kuwa watu wawili Kasumbalesa na Tunduma. Kutofungamana na muuzaji ni sharti la kwanza, halitoshi peke yake. Wenye kazi sharti wawe na kiti mezani, na kiti hicho hakipatikani kwa kusubiri kualikwa.

8. Mapendekezo na hitimisho

Kwa taasisi inayokusudia kununua programu unganishi, iwe chuo kikuu, hospitali au ofisi ya mji, tunapendekeza mambo haya:

(a) Mkataba utaje kila kiwango kwa jina na toleo lake, na useme ni cha ngazi ipi.
(b) Kabla ya malipo ya mwisho, mfumo ujaribiwe ukizungumza na bidhaa ya muuzaji mwingine.
(c) Nyongeza yoyote nje ya kiwango iorodheshwe na iidhinishwe kwa maandishi.
(d) Maelezo ya violesura na data yenyewe viwe mali ya taasisi, na njia ya kuvitoa vyote katika umbo lisilo la siri ioneshwe siku ya kwanza, si siku ya kuachana.
(e) Taasisi ndogo ziungane katika kuchangia utungaji wa viwango vya maana, hasa majina, anwani na vipimo.

Wapo watakaosema kuwa masharti haya huongeza gharama na huchelewesha kazi, na kwamba muuzaji mmoja mwenye kila kitu ni rahisi zaidi. Ni kweli kwa mwaka wa kwanza. Njia ya Kabalo nayo ilikuwa sawa kabisa kwa miaka 40. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa tayari mwanachama wa SADC na COMESA. Mifumo yake, kwa hiyo, imekwisha kukutana na ya majirani, na vipimo vya viungo vinachaguliwa sasa, katika mikataba ambayo wengi wetu hatuisomi. Vyuo vyetu vina wanaofundisha lugha na wanaofundisha kompyuta. Ingefaa wakae pamoja waisome.